Darubini kwa mwenye uoni hafifu: Namba kubwa si macho mazuri

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA mpakani Kobero asubuhi, wakati foleni ya malori yanayotoka Kabanga haijaanza kusogea, utagundua kwamba pale karibu kila kitu husomwa kwa mbali. Namba ya gari lililobeba mzigo wako, kibao cha mbadilisha fedha, maandishi ya juu ya dirisha la forodha, hata uso wa mteja anayekupungia mkono ng'ambo ya barabara. Mwenye macho mazima hayafikirii hayo. Asiyeona vizuri hupoteza mteja, hupoteza nafasi kwenye foleni, na wakati mwingine hupoteza fedha.

Hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja anayeleta mchele kutoka upande wa Tanzania. Yeye mwenyewe hana tatizo la macho. Alikuwa ameshika begi jeusi lenye darubini kubwa ya macho mawili, akitafuta mtu wa kuinunua. Nilipomuuliza ameipata wapi, alicheka kwa uchungu.

"Hii ni ada ya ujinga wangu, kaka," alisema. "Nilimnunulia mtoto asome ubaoni. Imemtoa machozi tu."

Mama huyo, aliyeomba jina lake lisiandikwe, alirejea nchini na watoto wanne baada ya kuishi miaka mingi kambini mkoani Kigoma. Binti yake wa tatu ana ualbino. Kambini, anasema, binti huyo alikuwa akikaa mstari wa mbele, hatua mbili kutoka ubaoni, na alikuwa akishika nafasi za juu. Waliporudi nyumbani alipangiwa dawati la nyuma kwa sababu ni mrefu kuliko wenzake. Kabla muhula haujaisha alikuwa wa mwisho darasani.

"Mwalimu akaniita. Akaniambia, mama, huyu mtoto bora tumpeleke shule ya wasioona," anasimulia. "Nikamjibu, mwalimu, mtoto huyu ndiye anayenichambulia mchele nyumbani. Haachi hata chuya moja. Sasa asiyeona ni yupi?"

Mwalimu na mama, kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Mtoto haoni ubaoni, na mtoto anaona chuya. Kati ya mambo hayo mawili ndipo ilipo hali ambayo wataalamu huiita uoni hafifu. Kutoielewa ndiko kulikomfanya mama huyu atumie mtaji wa wiki kadhaa kununua kifaa ambacho hakikuwa na msaada kwa mwanawe.

Si kipofu, wala si mzima

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupima uwezo wa kuona kwa umbali wa mita 6. Mtu mwenye macho mazima hupewa 6/6. Ukiambiwa macho yako ni 6/60, maana yake ni kwamba kile ambacho wewe unakisoma ukiwa mita 6, mwenye macho mazima anaweza kukisoma akiwa mita 60. Mtu huhesabiwa kuwa na uoni hafifu pale ambapo, hata baada ya kutibiwa na kupewa miwani inayomfaa, jicho lake bora bado haliwezi kufika 6/18, au upana wake wa kuona umebaki mdogo sana, lakini bado ana macho anayoweza kuyatumia kwa shughuli zake.

Neno la muhimu hapo ni "hata baada ya miwani". Wazazi wengi huuliza kwa nini wasinunue tu miwani yenye nguvu zaidi. Jibu ni kwamba miwani hufanya kazi moja: kuiweka picha mahali pake, juu ya retina, yaani ile ngozi laini iliyo nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Ikiwa retina yenyewe haina uwezo wa kunasa vitu vidogo, picha ikikaa mahali pake bado haitasomeka. Ni kama maandishi madogo yaliyopigwa chapa kwenye karatasi ya gunia. Kosa si la mpiga chapa.

Kwa mtu mwenye ualbino, upungufu wa rangi mwilini hugusa na jicho pia. Sehemu ya katikati ya retina, ambayo kazi yake ni kusoma na kutambua sura, haikui kikamilifu. Macho huchezacheza yenyewe, na mwanga mkali humsumbua. Aidha, wengi wao wanahitaji miwani kwa sababu nyingine za kawaida. Hivyo miwani ni hatua ya kwanza, ila mara nyingi si ya mwisho.

Kinachobaki ni kuikuza picha. Njia ya kwanza ni kusogea. Mtoto aliye mita 6 kutoka ubaoni akisogea hadi mita 1 na nusu, maandishi huwa makubwa mara 4 machoni pake, bila gharama yoyote. Ndiyo sababu binti yule aliona vizuri kambini: hapakuwa na dawa wala mashine, palikuwa na mkeka wa mbele. Njia ya pili ni kukikuza kitu chenyewe, kwa mfano mwalimu kuandika herufi kubwa. Njia ya tatu ni darubini, ambayo huleta ukaribu bila mtu kunyanyuka alipo.

Lenzi mbili tu

Darubini si kitu cha ajabu. Mwezi Oktoba mwaka 1608 mtengeneza miwani wa mji wa Middelburg nchini Uholanzi, Hans Lipperhey, aliomba hati ya kuimiliki kama uvumbuzi wake. Mwaka uliofuata Galileo Galilei wa Italia aliitengeneza ya kwake na kuielekeza angani. Mpaka leo, darubini inayotumiwa na watu wenye uoni hafifu ni ama ya aina ya Galileo, ama ya aina iliyoelezwa na Johannes Kepler wa Ujerumani mwaka 1611.

Katika aina zote mbili, lenzi ya mbele ni mbinuko, yaani imetuna katikati. Kazi yake ni kukusanya mwanga unaotoka mbali na kuufanya ukutane mahali pamoja. Umbali kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokutana huitwa umbali wa fokasi. Lenzi ya nyuma, iliyo karibu na jicho, ina umbali wa fokasi mfupi zaidi.

Nguvu ya darubini inapatikana kwa kugawanya. Ikiwa lenzi ya mbele ina umbali wa fokasi wa milimita 100 na ya nyuma milimita 25, basi 100 kwa 25 ni 4. Kitu kitaonekana kana kwamba umekisogelea mara 4. Mtu wa 6/60 akiishika vizuri anaweza kufikia takriban 6/15, yaani kutoka kutoona maandishi ya ubaoni hadi kuyasoma.

Tofauti iko kwenye lenzi ya nyuma. Galileo alitumia lenzi mbonyeo, iliyobonyea katikati, na kuiweka kabla mwanga haujakutana. Picha hutoka wima, na bomba huwa fupi: katika mfano wetu milimita 100 toa 25, yaani 75. Kepler alitumia lenzi mbinuko na kuiweka baada ya mwanga kukutana. Bomba huwa refu, 100 jumlisha 25, yaani 125, na picha hutoka kichwa chini miguu juu. Ili kuigeuza, watengenezaji huweka ndani vipande vya kioo viitwavyo prizimu, ambavyo pia huikunja njia ya mwanga na kulifupisha bomba.

Kwa nini basi watu wahangaike na ya Kepler? Kwa sababu picha yake ni pana zaidi na kingo zake ni safi zaidi. Kwa kawaida darubini za nguvu ndogo, za mara 2 au 3, huwa za Galileo: nyepesi, rahisi na zinaweza kufungwa kwenye fremu ya miwani. Kuanzia mara 4 na kuendelea, nyingi ni za Kepler, na ile ya jicho moja inayoshikwa mkononi huwa haizidi urefu wa kidole.

Hakuna cha bure

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba ukibadilisha fedha, unachopata upande mmoja umekilipia upande wa pili. Darubini nayo ni hivyo hivyo. Inakupa ukaribu, na inakudai mambo manne.

Deni la kwanza ni upana. Darubini ndogo ya mara 4 kwa kawaida huonyesha eneo la nyuzi 12 hivi. Ukiwa mita 5 kutoka ubaoni, hiyo ni duara lenye upana wa mita 1 tu. Ubao wa mita 4 utausoma kwa vipande vinne. Darubini ya mara 8 inaweza kukuonyesha nyuzi 7 hivi, yaani sentimita 60 za ubao. Mtoto anaanza kutafuta neno, hajalipata, mwalimu amekwisha kufuta.

Deni la pili ni utulivu. Kinachokuzwa si herufi peke yake. Mtetemeko wa mkono nao hukuzwa kwa kiasi hicho hicho. Kwa mara 4 mkono ulioegemezwa unaweza kuvumilika. Kwa mara 10 herufi hurukaruka kama senene.

Deni la tatu ni mwanga. Namba zilizoandikwa ubavuni mwa darubini, kwa mfano 4x12, zina maana mbili: ya kwanza ni nguvu, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 12 kwa 4 upate 3. Huo ndio upana wa mwale unaoingia jichoni, milimita 3. Mchana wa jua mboni ya jicho huwa nyembamba, hivyo milimita 3 zinatosha. Jioni mboni hupanuka, na mwale mwembamba hauwezi kuijaza, kwa hiyo picha huonekana yenye giza. Darubini ya 10x20 hutoa milimita 2 tu.

Deni la nne ndilo linalowaponza wengi: kitu cha karibu. Darubini iliyotegwa kwa ajili ya mbali haikubali kutazama karibu kirahisi. Jicho tupu linapotazama kitu kilicho mita 2 hujirekebisha kidogo tu, nusu diopta. Likitazama kitu hicho hicho kupitia darubini ya mara 4 iliyotegwa kwa mbali, hudaiwa takriban diopta 8. Deni haliongezeki mara 4, linaongezeka mara 4 na kisha mara 4 tena, yaani mara 16. Macho ya watu wazima wengi hayawezi kulilipa. Ndiyo maana darubini ya uoni hafifu hutengenezwa iweze kurefushwa kwa kuzungusha bomba, hadi isome kitu kilicho karibu. Kwa kusoma kitabu, wapo wanaoongeza lenzi ndogo mbele yake, kama kifuniko.

Sasa turudi kwenye begi jeusi la mama yule. Darubini yake iliandikwa 30x60. Ni ya kutazamia milima au wanyama, na imetengenezwa kwa ajili ya mbali. Ubao ulio mita 5 hauwezi hata kukaa sawa ndani yake. Mabomba yake mawili yanatazama sambamba, wakati kitu cha karibu kinataka macho yakutane. Ni nzito, mikono ya mtoto inatetemeka, na macho yake tayari yanachezacheza. Kwa hesabu hiyo, machozi hayakuwa ya utundu.

Ipime kabla hujalipa

Zaidi ya hayo, ile 30 haikuwa 30. Bidhaa nyingi za bei rahisi zinazouzwa masokoni na barabarani huandikwa namba za kuvutia wateja. Msomaji unayefanya biashara ya vifaa, au unayetaka kumnunulia ndugu, zipo njia mbili za kupima bila mashine yoyote.

Njia ya kwanza: shika darubini kwa urefu wa mkono, ielekeze kwenye anga nyeupe, mbali kabisa na jua, na utazame lenzi ya nyuma. Utaona duara dogo la mwanga. Lipime kwa rula. Kisha pima upana wa lenzi ya mbele, na ugawanye. Tulifanya hivyo pale pale juu ya gunia la mchele. Lenzi ya mbele ilikuwa milimita 32, duara la mwanga milimita 4. Jibu ni 8. Mama akatikisa kichwa. "Basi hata mizani yao ni ya wizi," akasema.

Njia hii inafaa kwa darubini ya Kepler. Ikiwa duara la mwanga linaonekana limejificha ndani ya bomba badala ya kuelea nje karibu na lenzi, ujue hiyo ni ya Galileo, na rula haitalifikia.

Njia ya pili inafaa kwa zote. Simama mbali na ukuta wa matofali, weka darubini kwenye jicho moja na uache jicho la pili wazi. Utaona tofali kubwa na matofali madogo kwa pamoja. Hesabu ni matofali mangapi madogo yanalingana na tofali moja kubwa. Yakiwa 4, nguvu ni mara 4, hata kama ubavuni imeandikwa 40.

Inamfaa nani?

Darubini huwasaidia zaidi wale ambao sehemu ya katikati ya macho yao ndiyo dhaifu, huku pembeni kukiwa kuzima. Miongoni mwao ni watu wenye ualbino na wazee wengi ambao retina yao imechakaa katikati.

Haimfai sana mtu ambaye upana wake wa kuona umebanwa, kama baadhi ya wagonjwa wa presha ya macho waliochelewa kutibiwa. Huyu huona kama anayechungulia kwenye bomba. Ukimkuzia picha, kile kidogo alichokuwa akikiona kinazidi kutoka nje ya bomba lake. Wapo wanaosaidiwa na kinyume chake: darubini iliyogeuzwa nyuma mbele, ambayo hupunguza vitu na kumwonyesha eneo pana, ili ajue mlango uko wapi na meza iko wapi.

Wala darubini si dawa ya mtoto wa jicho. Ugonjwa huo hutibiwa kwa upasuaji, na mtu anayepewa darubini badala ya upasuaji amedhulumiwa. Kwa hiyo kabla ya kifaa chochote, macho yapimwe. Katika ukanda wetu vitengo vya macho vya KCMC Moshi nchini Tanzania, Kabgayi nchini Rwanda na Kikuyu nchini Kenya vinajulikana kwa kazi hiyo. Ukifika katika hospitali yoyote ya macho, usiseme tu "naomba miwani". Uliza kama wana huduma ya uoni hafifu.

Kuitumia ni kujifunza

Mtoto akipewa darubini na kuachwa peke yake, baada ya siku tatu utaikuta chini ya kitanda. Kuna mpangilio wa kumfundisha, na mzazi anaweza kuufuata nyumbani.

Kwanza, mtoto akitafute kitu kwa macho matupu, akigeuzie uso, ndipo ainue darubini bila kuhamisha uso. Atumie jicho lililo bora. Bomba liguse fremu ya miwani au nyusi, kwa maana likikaa mbali na jicho, upana hupungua zaidi. Kiwiko kiegemee dawati au kifua. Kisha azungushe bomba polepole hadi herufi ziwe safi.

Akishaweza hilo, afundishwe kufuata mstari kutoka mwanzo hadi mwisho: waya wa nguo, ukingo wa paa, kisha sentensi ubaoni. Baadaye afuate kitu kinachotembea, kama baiskeli. Mwisho ajifunze kutafuta kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, kama anayepalilia shamba, asirukeruke. Dakika chache kila siku zinatosha, maana jicho huchoka.

Mtoto mwenye ualbino mara nyingi huinamisha au hugeuza kichwa upande anapotazama. Asikemewe. Kuna pembe fulani ambapo macho yake hutulia, naye ameitafuta mwenyewe. Kofia yenye ukingo mpana imkinge na mwanga. Na ikiwa amepewa miwani, asiivue kwa kudhani darubini inatosha. Kuzungusha bomba kunaweza kurekebisha ufupi au urefu wa kuona, lakini hakurekebishi kioo cha jicho kilichopinda.

Yapo makatazo mawili yasiyo na mjadala. Asitembee akiwa na darubini jichoni, kwa sababu shimo lililo mita 4 litaonekana liko mita 1, na pembeni haoni. Na kamwe asiielekeze kwenye jua, hata kwa sekunde moja. Lenzi ile ile inayokusanya mwanga wa ubao hukusanya moto wa jua, na retina ikiungua hairudi.

Kwingineko duniani

Nchini Marekani, mtaalamu wa macho William Feinbloom alianza kutengeneza miwani ya darubini kwa wenye uoni hafifu tangu miaka ya 1930. Kutokana na kazi hiyo na ya wengine, ipo miwani yenye darubini ndogo iliyofungwa sehemu ya juu ya kioo. Mtu hutazama kwa kioo cha kawaida muda mwingi, kisha huinamisha kichwa kidogo na kuchungulia darubini anapotaka kusoma kibao. Majimbo mengi ya Marekani huwaruhusu baadhi ya watu wenye miwani hiyo kuendesha gari, baada ya mafunzo na masharti. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi hiyo iliidhinisha darubini ndogo ya aina ya Galileo inayopandikizwa ndani ya jicho la mzee ambaye retina yake imeharibika katikati. Inakuza mara 2.2 au 2.7 tu. Hata huko kwenye fedha na mashine, hawakukimbilia namba kubwa.

Kwetu, simu yenye kamera nzuri nayo imekuwa msaada. Mtu hupiga picha ya kibao na kuikuza kwa vidole. Kwa mfanyabiashara ni njia rahisi, na haina aibu kwa kuwa kila mtu ana simu mkononi. Ila betri huisha, shule nyingi hazipendi simu darasani, na kumfuata mwalimu anayeandika kwa kupiga picha ishirini ni kazi nyingine.

Zaidi ya ubao

Tusisahau kwa nini jambo hili lina uzito katika mpaka huu. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliuawa Tanzania kwa imani za kishirikina, na mwaka 2008 mauaji hayo yaliripotiwa Burundi, hasa upande wa Ruyigi, ikidaiwa kwamba viungo vilikuwa vikivushwa mpakani. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia hatiani watu kadhaa. Mtu asiyeweza kutambua sura ya anayekuja hadi awe hatua tatu mbele yake, hana nafasi ya kuchagua kukimbia. Darubini si ulinzi, na usiku haisaidii. Lakini mchana, kumjua jirani akiwa bado mbali ni sehemu ya amani ambayo wenye macho mazima tunaipata bila kuifikiria.

Binti wa mama yule hatimaye alipimwa katika hospitali moja. Alipewa miwani kwanza, kisha darubini ya jicho moja ya mara 4, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Hajapelekwa shule ya wasioona. Mama alirudi kwa mwalimu na kuomba mambo mawili: mtoto akae mbele, na mwalimu ayatamke maneno anapoyaandika. Mwalimu alikubali yote mawili. Darubini hutoka mfukoni pale tu maneno hayakusikika, au mchoro ulipo ubaoni. Mtoto ameanza kupanda tena, ingawa hesabu bado zinamchelewesha, kwa sababu tarakimu moja ikimponyoka hana budi kuanza mstari upya.

Nilipokuwa naaga, kijana mmoja alisimama akaishika ile darubini kubwa. Akasema ana mdogo wake asiyeona vizuri, akauliza bei. Mama akaichukua mkononi mwake na kuirudisha begini.

"Huyo mpeleke hospitali kwanza, mwanangu," akamwambia. "Hii nitamuuzia mlinzi wa ghala. Yeye macho anayo."